Tafuta Chasi Isiyo na Kutu, Acha Kujenga Pikapu ya Viraka

Wasomaji, leo naiacha kompyuta kando kidogo. Nataka kuongea juu ya pikapu, na nitaongea kwa ukali, kwa sababu naona watu wenye akili timamu, hasa sisi wa kazi za programu, wakianguka katika shimo moja tena na tena.

Hadithi huwa ni ile ile. Mtu anataka pikapu ya zamani: Hilux ya miaka ya 80, Datsun, Isuzu, Peugeot 504, au Land Rover ndefu. Mpya haiwezi, bei yake ni ya serikali na mashirika ya misaada. Anaangalia mbili tatu, anakuta sakafu ina matundu, anakata tamaa. Halafu anatamka yale maneno: "Basi nitajenga yangu." Ananunua chasi kwa huyu, kebini kwa yule, injini iliyotoka Japani, giaboksi ya gari jingine kabisa, na kuvirundika vyote nyuma ya nyumba. Anaita rundo hilo "mradi". Miaka miwili baadaye sukuma wiki imeota kando ya mradi na kuku wanataga ndani ya kebini.

Msimamo wangu ni huu: kwa Mkenya anayehitaji pikapu ya zamani ya kufanya kazi, kuijenga kutoka kwa spea ni uamuzi mbaya karibu kila mara. Tafuta. Tafuta tena. Tafuta mpaka viatu viishe soli. Na unapotafuta, usidanganywe na injini inayonguruma vizuri wala rangi inayong'aa. Tafuta chasi na kebini ambazo kutu haijazila, zenye karatasi safi. Hata kama mengine yote yamekufa, chukua.

Najua kuna watakaonitukana. Haya, twende polepole.

KINACHOPATIKANA NA KISICHOPATIKANA

Hebu fikiria pikapu kama orodha. Injini, giaboksi, difu, springi, breki, usukani, taa, viti, vioo, nyaya, tangi la mafuta, kebini, bodi ya nyuma, chasi. Sasa pitia orodha hiyo ukijiuliza swali moja tu: hiki nikikikosa leo, kesho nitakipata wapi?

Injini? Iko. Nenda Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, au kwa wauzaji wa injini za mitumba Mombasa, utachagua. Breki? Ziko, tena mpya ndani ya boksi. Springi? Fundi atakuongezea hata jani moja ukitaka kubeba mawe. Taa, vioo, viti, vyote viko. Gari lililouzwa kwa wingi kama Hilux lina spea mpaka kwenye duka la kijijini karibu na posho mill.

Chasi je? Hapo ndipo maneno hupungua. Chasi nzima, iliyonyooka, isiyochomelewa, isiyoliwa kutoka ndani, na yenye nambari inayolingana na logibuku, hiyo huipati dukani. Inapatikana mahali pamoja tu: chini ya pikapu nyingine nzima. Kwa hiyo mtu anayesema "nitajenga kutoka kwa spea" anaanza kwa kurahisisha vitu ambavyo tayari vilikuwa rahisi, na kuacha kile kigumu kiwe cha bahati nasibu.

Waingereza waliwahi kuliweka jambo hili kwa nambari. Kwa miaka mingi ofisi yao ya usajili wa magari, DVLA, ilitumia hesabu ya pointi kuamua kama gari lililojengwa upya linastahili kubaki na usajili wake wa zamani. Lilihitaji angalau pointi 8. Injini ilipewa pointi 1. Giaboksi 2, ekseli 2, usukani 2, springi na viungo vyake 2. Chasi peke yake ilipewa 5. Soma tena: injini 1, chasi 5. Nenda sasa ukaangalie watu wetu wakinunua pikapu. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini dakika ishirini, hawapigi magoti chini hata mara moja.

KUTU SI UCHAFU

Wengi huchukulia kutu kama vumbi lililokwama: unasugua, unapaka rangi, umemaliza. Sivyo. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, kinageuka kuwa kitu kingine. Kitu hicho hakina nguvu, na kinachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Ndiyo maana bati lenye kutu huvimba, hupasua rangi, na hutenganisha vipande viwili vilivyounganishwa. Chumvi huzidisha mambo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita juu ya chuma, kama ndani ya betri.

Sasa ongeza hili: boriti za chasi nyingi ni kama bomba la pembe nne, ndani ni wazi. Matope huingia kwa matundu, yanakaa, yanashika unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Chuma kinaliwa kutoka ndani kwenda nje. Unapoona tundu nje, kazi ya ndani imeendelea miaka. Fundi akija na kuchomelea kiraka juu, moto wake unaunguza rangi yote iliyobaki upande wa ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Kiraka ni kipya, lakini mgongo wake umeachwa uchi. Mwaka wa kwanza utamsifu fundi. Kwa miaka inayofuata, usiniulize. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani, nao hawakuwa na mashine ya kuchomelea.

Kwa Peugeot 504 mambo ni mabaya zaidi. Hilux, Isuzu na Land Rover zina chasi ya ngazi, kebini imefungwa juu kwa bolti. Sehemu ya mbele ya 504 haina ngazi hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Kizingiti cha mlango kikioza, usidhani ni suala la urembo. Ni mfupa wa gari huo.

USHAURI WA WATU WA THELUJI

Mbona basi intaneti imejaa watu wanaojenga pikapu kutoka mwanzo, video baada ya video, na wote wanafaulu? Kwanza, wale wasiofaulu hawapandishi video. Pili, angalia wanaishi wapi. Wengi wako kaskazini ya Marekani, Kanada au Uingereza, nchi ambazo barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Kule pikapu ya miaka 20 mara nyingi imeliwa chini kabisa. Kuitafuta nzima karibu na nyumbani kwake ni kama kutafuta samaki Marsabit mjini. Na bado, wenye busara kati yao huwa hawajengi: wanasafiri hadi Arizona au California kununua gari la mahali pakavu.

Hata kampuni kubwa haikujaribu ujinga tunaojaribu sisi. Mwaka 2008 Toyota ilikabiliwa na malalamiko kuhusu chasi za pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizokuwa zikioza Marekani. Ilifanya nini? Kwa zile zilizoharibika sana, ilizinunua tena kutoka kwa wenyewe kwa mara moja na nusu ya bei iliyokadiriwa. Toyota! Wenye viwanda, wenye michoro, wenye mashine za kila aina, waliona ni afadhali kurudisha pesa. Mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi iliyohusu takriban magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, suluhu iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, bila kukiri kosa. Katika hatua hizo za baadaye magari yaliyooza yaliwekewa chasi mpya. Mpya, narudia, iliyotoka kiwandani. Hakuna aliyetumwa kutafuta chasi nyingine ya mitumba na kuunganisha na nusu ya hii.

Sisi hatumwagi chumvi barabarani. Nairobi, Nakuru, Nanyuki, Eldoret, yote ni mbali na bahari na hakuna theluji ya kuyeyusha. Tuna bahati ambayo mtu wa Michigan angeilipia, halafu tunachukua suluhisho lake la shida ambayo wengi wetu hatuna! Na kuna kejeli nyingine. Ile "nusu gari" unayonunua kutoka Japani ili ujenge yako huenda imetoka Hokkaido, ambako theluji ni nyingi na barabara humwagiwa chumvi pia. Umeacha pikapu ya Laikipia ukaagiza kutu kwa meli.

SHERIA HAIJUI "MRADI" WAKO

Waandishi wa programu tunapenda kudhani kila kitu ni moduli: toa hii, weka ile, endelea. Kwa serikali, gari ni rekodi. Rekodi hiyo ina nambari ya chasi, nambari ya injini, aina ya bodi, rangi, na jina la mwenyewe. Injini ukibadilisha, unaomba NTSA ibadilishe rekodi, unaonyesha stakabadhi, gari linakaguliwa. Ni usumbufu, lakini njia ipo. Chasi ni kitu kingine. Nambari ya chasi ndiyo gari lenyewe. Ukibadilisha chasi huna tena gari lile lililoandikwa kwenye logibuku. Una gari jingine ambalo halijazaliwa kisheria, au mbaya zaidi, gari la mtu mwingine.

Nani anakuuzia chasi isiyo na karatasi? Huenda ni mtu mwaminifu aliyepoteza karatasi. Huenda pia ni chasi ya pikapu iliyoibwa Kitale na kukatwa vipande kabla mwenyewe hajafika kituo cha polisi. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 322, inasema kushika mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Chasi isiyo na karatasi, nambari imesuguliwa, bei ya kutupa: eleza mbele ya hakimu kwamba hukuwa na sababu ya kushuku.

Na bima? Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa Sura ya 405. Inaandikwa kwa gari fulani. Siku utakapogonga mtu, Mungu aepushe, na mkaguzi akakuta gari lililoko barabarani silo lililoko kwenye karatasi, umempa mwenye bima sababu ya kukukimbia. Familia ya yule uliyemgonga haitakimbia.

Kuna sheria nyingine inayohusu kutafuta kwenyewe. Kwa kiwango cha KS 1515:2000 cha KEBS, magari ya mitumba yanayoingia nchini kwa kawaida hayaruhusiwi kuzidi miaka 8. Maana yake? Hilux ya 1988 haiwezi kuja kwa meli. Zile zilizopo ndizo zilizopo. Ni kundi la ng'ombe lisilozaa tena. Kila mmoja anayechinja pikapu nzima ili apate "spea za mradi" anapunguza kundi hilo, na mara nyingi anachinja iliyokuwa na afya kuliko ile anayoijenga. Nimeona chasi nzuri yenye logibuku ikikatwa kwa sababu mwenyewe alitaka difu yake tu. Difu!

HESABU KIDOGO

Tuachane na maneno, tupige hesabu. Nambari hizi ni za mfano, badilisha utakavyo.

Tuseme unajenga kutoka vipande 20 vikubwa vilivyotoka magari tofauti. Tuseme wewe ni mjanja na kila kipande kina uwezekano wa asilimia 95 kukaa sawa na vingine bila shida kubwa. Uwezekano wa vyote 20 kukaa sawa ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 20. Jibu ni kama 0.36. Yaani kwa ujanja wako wote, mara mbili kati ya tatu utakwama mahali: mabano ya injini hayafiki, propela ni fupi, kebo ya spidi haiingii, pampu ya breki ni ya gari jingine. Tena utagundua baada ya kulipa.

Sasa tafuta. Tuseme hali ni mbaya na kati ya pikapu 10 za zamani unazokagua, 1 tu ndiyo nzima chini. Ukikagua 7, umeshapita nusu ya uwezekano wa kuipata angalau moja. Ukikagua 22, uwezekano umefika asilimia 90. Pikapu 22 ni Jumamosi 11 ukiangalia mbili kila safari. Miezi mitatu hivi. Kila unapokosa, umepoteza nauli, chai na mandazi.

Tofauti kubwa iko hapo. Anayetafuta hushindwa mapema na kwa bei ndogo. Anayejenga hushindwa mwishoni, pesa zikiwa zimekwisha. Na pesa zenyewe mara nyingi ni za SACCO. Makato kwenye payslip huanza mwezi unaofuata, iwe pikapu inabeba maziwa alfajiri au imekaa juu ya mawe. Wadhamini wako, wale wenzako wa kazini waliotia sahihi, hawajui kebo ya spidi ni nini. Wanajua tu kwamba usipolipa, watalipa wao. Mradi wa nyuma ya nyumba umeshawaponza watu ambao hawajawahi hata kuuona.

KWA WENZANGU WA PROGRAMU: KUMBUKENI NETSCAPE

Waandishi wa programu tuna ugonjwa wetu: tukiona kazi ya mtu mwingine imechakaa, tunataka kuandika upya kutoka sifuri. Mwaka 1998 Netscape iliamua kutupa msimbo wa kivinjari chake na kuanza upya. Toleo la 5 halikutoka kamwe. Toleo la 6 lilitoka Novemba 2000, na wakati huo Microsoft ilikuwa imeshachukua soko. Joel Spolsky aliandika makala maarufu Aprili 2000 akisema hilo ni kosa ambalo kampuni ya programu haipaswi kufanya kamwe.

Najua mtajibu: lakini Firefox ilitoka humo! Kweli, Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004, na ilikuwa nzuri. Lakini kufikia wakati huo Netscape yenyewe ilikuwa imenunuliwa na AOL na kuvunjwa. Mtoto alipona, mzazi akafa. Kama uko tayari pikapu ikamilike baada ya miaka sita chini ya mikono ya mtu mwingine, endelea.

Pikapu iliyotoka kiwandani, hata ikiwa imechoka, ina kitu ambacho rundo la spea halina: vipande vyake vimefanya kazi pamoja. Mtu alishapima pembe ya propela, akajua bomba la breki lipite wapi lisisuguane na chasi, akajua waya gani unahitaji fyuzi gani. Hayo yote ni hitilafu zilizorekebishwa kabla hujazaliwa. Ukijenga yako unazirudisha moja moja, na utazikuta ukiwa Mai Mahiu unateremka na mzigo.

MAJIBU KWA WABISHI

"Mchagua jembe si mkulima." Nimeisikia hii mara nyingi. Sawa, lakini wahenga hawakusema mkulima achukue mpini kwa jirani, bati kwa mwingine, afunge kwa kamba na aite jembe. Kuchagua kupita kiasi ni vibaya. Kukagua chini ya gari ni wajibu.

"Pikapu nzima haziko tena." Hazipo kwenye matangazo ya mabroka, ndiyo. Broka hauzi kitu kizuri kwa bei nzuri, hicho hukinunua mwenyewe. Pikapu nzima iko kwa mzee aliyestaafu ualimu, iko kwenye shamba la familia, iko chini ya mti kwenye boma kwa sababu gasket ya kichwa iliungua na watoto hawakutaka kutengeneza. Haijatangazwa. Lazima uulize watu.

"Wenye nzuri wanaitisha bei ya wazimu." Linganisha na jumla yako, usilinganishe na bei ya chasi peke yake. Andika kila kitu kwenye karatasi: spea, fundi, kuchomelea, rangi, usafirishaji, na ile spea ya tatu uliyonunua kwa sababu mbili za kwanza hazikuingia. Ukimaliza kuandika, rudi kwa yule mzee uongee naye vizuri.

"Kujenga ni kujifunza." Hilo nalikubali kabisa. Ukitaka kujifunza, jenga. Lakini liite darasa, na ulipie kwa pesa za darasa. Usilipie kwa mkopo wa SACCO huku ukimwahidi mama kwamba Desemba mtasafiri nayo nyumbani.

"Unawaharibia mafundi wa jua kali riziki." La hasha. Pikapu yenye chasi nzima na injini mbovu humpa fundi kazi nzuri: kufungua injini, kubadilisha bushi, kutengeneza breki, kusuka nyaya upya. Ni kazi anayoweza kuisimamia kwa jina lake. Kumwambia aunganishe nusu mbili za chasi kwa mashine ya kuchomelea ni kumpa lawama ya ajali ambayo bado haijatokea. Tusisahau pikapu zetu hubeba nini: wagonjwa usiku, waombolezaji thelathini nyuma, watoto wa shule mvua ikinyesha. Kiungo cha chasi kikiachia, hakichagui siku.

Kuna hali moja ambapo kujenga kuna maana: pikapu ni ya familia, karatasi ziko, na kiwanda bado kinatengeneza chasi mpya yake. Uingereza kuna wanaotengeneza chasi mpya za Land Rover zilizochovywa zinki. Ukiwa na uwezo wa kuagiza moja, ukafuata taratibu za NTSA kabla ya kukata chochote, siwezi kukuzuia. Lakini hiyo ni safari ya mwenye pesa, na mwenye pesa hakuhitaji makala hii :-)

JINSI YA KUTAFUTA

1. Anza na mahali gari limeishi. Bara kwanza, hasa sehemu kavu. Pikapu ya Lamu, Kilifi au Mombasa kagua mara mbili, na iliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni iache. Ya Magadi pia ina maswali. Iliyobeba samaki, usihadaike na umbali kutoka baharini: barafu na maji ya chumvi vimekuwa vikitiririka juu ya chasi kila siku.

2. Beba tochi, sumaku, bisibisi kuukuu, nyundo ndogo na gunia la kulalia. Sumaku isiposhika vizuri mahali palipopakwa rangi, chini kuna bodi fila. Gonga chasi kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza husema "du".

3. Lala chini. Angalia chasi juu ya ekseli ya nyuma, mahali springi zinaposhikilia, viungo vya boriti za kukingama, na mahali kebini inapokaa juu ya chasi. Choma kwa bisibisi. Muuzaji akikukataza, umepata jibu.

4. Inua mikeka ya kebini. Angalia chini ya betri, asidi hula. Angalia chini ya kioo cha mbele ambako majani hukusanyika.

5. Rangi nyeusi ya lami iliyopakwa juzi chini ya gari la miaka 30 ni mtu anaficha kitu. Heri vumbi la kweli.

6. Soma nambari ya chasi kwa macho yako, kwenye chuma chenyewe, ulinganishe na logibuku. Fanya upekuzi wa rekodi kwa NTSA kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia. Muuzaji na jina la kwenye rekodi visipolingana, nenda nyumbani.

7. Injini isikutie hofu. Ikiwa imekufa, hiyo ndiyo silaha yako ya kupunguza bei. Watu wanaogopa injini iliyokufa na kukimbilia chasi iliyokufa. Wewe fanya kinyume.

Ukifuata haya utachoka. Utarudi nyumbani na matope mgongoni, bila pikapu, na majirani watasema wewe ni mtu wa kuchagua sana. Waache waseme. Jumamosi ijayo panda matatu uende ukalale chini ya nyingine.